Kugawa Kazi kwa Haki kwa Foleni za Ujumbe: Mwongozo Kamili wa RabbitMQ

Mfumo nitakaoutumia kama mfano tangu mwanzo hadi mwisho ni wa kutuma SMS kwa niaba ya wateja mbalimbali. Mteja wa kwanza ni shule, ambayo mara moja kwa muhula hutuma matokeo kwa wazazi wote. Wa pili ni saccos, ambayo humtumia mwanachama namba ya siri ya mara moja kila anapotaka kuingia kwenye akaunti yake. Wa tatu ni zahanati inayowakumbusha akina mama tarehe za kliniki. Njia ya kutokea ni moja: kampuni ya simu inaruhusu mfumo wetu utume SMS 20 kwa sekunde na si zaidi.

Sasa fikiria shule imebonyeza kitufe na SMS 12,000 zimeingia kwenye foleni kwa mkupuo. Kwa kasi ya SMS 20 kwa sekunde, mzigo huo unahitaji sekunde 600, yaani dakika 10. Sekunde chache baadaye mwanachama wa saccos anaomba namba yake ya siri, ambayo uhai wake ni dakika 5. SMS yake inapanga mstari nyuma ya matokeo ya wanafunzi, na inapomfikia imeshapitwa na wakati. Anaomba tena, na ombi la pili nalo linakwenda nyuma ya mstari uleule. Hakuna seva iliyoanguka, hakuna hitilafu iliyoandikwa kwenye kumbukumbu za mfumo, na kila SMS imetumwa kwa utaratibu wa aliyetangulia kuhudumiwa kwanza. Hata hivyo mtu mmoja ameonewa.

Anayejua foleni ya mashine ya kusaga ameliona jambo hili kwa macho. Mama mwenye debe moja amesimama nyuma ya mfanyabiashara mwenye magunia kumi, na mwenye mashine mwenye busara husaga gunia mbili, akapitisha debe, kisha akarudi kwenye magunia. Kazi yetu katika mwongozo huu ni kuifundisha kompyuta busara hiyo, na kuna pande mbili za kushughulikia: haki kati ya wanaofanya kazi, ili mmoja asilemewe huku wenzake wamekaa bure, na haki kati ya wanaoleta kazi, ili mzigo mkubwa wa mmoja usiufunike mdogo wa mwingine. Miongozo mingi niliyosoma huishia upande wa kwanza. Mimi naona wa pili ndio unaoumiza watu.

Kuhusu istilahi: vitabuni pande hizi huitwa mzalishaji na mlaji. Hapa nitasema mtumaji na mfanyakazi, kwa sababu programu inayochukua kazi kutoka kwenye foleni haimalizi kitu kwa kukila bali kwa kukifanya, na tofauti hiyo itakuwa na uzito tutakapofika kwenye uthibitisho.

Hatua ya kwanza: simamisha seva ya foleni

Nimechagua RabbitMQ, programu inayopokea kazi, kuzipanga kwenye foleni na kuzigawa kwa wafanyakazi, kwa sababu inampa mwandishi wa programu mamlaka ya moja kwa moja juu ya nani ashike kazi ngapi. Toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2007. Imeandikwa kwa lugha ya Erlang iliyobuniwa ndani ya Ericsson, na lugha hiyo ina jina la Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa Denmark aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen na ambaye mwaka 1909 alichapisha hesabu zake za jinsi simu zinavyoingia kwa kubahatisha. Swali lake, yaani laini ngapi zinatosha ili wapigaji wasisubiri kupita kiasi, ndilo swali letu hili hili.

Kwenye kompyuta yenye Docker, yaani chombo cha kuendesha programu ndani ya makasha yaliyotengwa, amri moja inatosha:

```
docker run -d --name sungura -p 5672:5672 -p 15672:15672 rabbitmq:4-management
```

Lango 5672 ni la programu zako, na 15672 ni la ukurasa wa usimamizi unaofunguliwa kwa kivinjari. Mtumiaji wa kuanzia anaitwa guest na nywila yake ni hiyo hiyo guest. Kwa majaribio inafaa, lakini kwenye seva ya kazi halisi mfute na uunde watumiaji wako kabla ya kufanya jambo lingine lolote.

Hatua ya pili: tangaza foleni na uandike mtumaji

Mtumaji mzuri anafanya mambo matatu. Anaweka kazi kwenye foleni inayodumu hata seva ikizimika, anasubiri seva ikiri kwamba imeipokea, na anaipa kila kazi kitambulisho chake pamoja na saa iliyozaliwa. Mifano yangu ni ya lugha ya Python, na inaongea na RabbitMQ kupitia maktaba ya pika.

```python
import json, time, uuid
import pika

mu = pika.BlockingConnection(pika.ConnectionParameters("localhost"))
ch = mu.channel()
ch.confirm_delivery()

def tangaza(foleni):
    ch.queue_declare(queue=foleni, durable=True, arguments={
        "x-queue-type": "quorum",
        "x-max-length": 5000,
        "x-overflow": "reject-publish",
        "x-dead-letter-exchange": "",
        "x-dead-letter-routing-key": "sms.zilizokwama"})

def tuma(foleni, namba, maneno):
    kazi = {"id": str(uuid.uuid4()), "namba": namba,
            "maneno": maneno, "saa": time.time()}
    ch.basic_publish(exchange="", routing_key=foleni,
                     body=json.dumps(kazi), mandatory=True,
                     properties=pika.BasicProperties(delivery_mode=2))

ch.queue_declare(queue="sms.zilizokwama", durable=True)
for f in ("sms.shule", "sms.saccos", "sms.zahanati"):
    tangaza(f)
```

Aina ya foleni niliyoitaja, quorum, huhifadhi nakala za kazi kwenye seva kadhaa zinazokubaliana kwa wingi wa kura, na faida yake huonekana pale unapokuwa na seva tatu au zaidi. Ukiwa na moja tu, bado ni chaguo zuri kwa sababu inakuja na uwezo wa kuhesabu ni mara ngapi kazi imejaribiwa. Mstari wa `confirm_delivery` usiuache hata kidogo. Bila huo, mtumaji huandika kwenye waya na kuendelea na safari, na endapo seva imeikataa kazi hatajua kamwe.

Kikomo cha kazi 5,000 pamoja na `reject-publish` nacho ni chombo cha haki. Foleni ikijaa, anayekataliwa ni mtumaji aliyeijaza, na anaambiwa papo hapo kwa hitilafu ambayo programu yake inaweza kuishika na kujaribu tena baadaye; ndivyo shule italeta SMS zake 12,000 kwa awamu. Bila kikomo, mtumaji mmoja anaweza kuijaza kumbukumbu ya seva nzima hadi RabbitMQ ijilinde kwa kuwazuia watumaji wote, pamoja na wale ambao hawakukosa lolote.

Hatua ya tatu: uthibitisho utolewe kazi ikiisha, si ikipokelewa

Mfanyakazi anapopewa kazi, seva haiifuti. Inaiweka pembeni kama kazi isiyothibitishwa hadi mfanyakazi atakaporudisha neno kwamba amemaliza. Muunganisho wake ukikatika kabla ya hapo, kazi inarudi kwenye foleni na kupewa mwingine. Kuna hali nyingine ya uthibitisho wa kujitoa wenyewe, ambapo kazi inahesabiwa imeisha mara tu inapotoka kwenye seva. Hali hiyo ni ya haraka, lakini inavunja mambo mawili kwa pamoja: kazi zinapotea mfanyakazi akianguka, na kikomo tutakachokiweka katika hatua ya nne hakitafanya kazi, kwa kuwa seva haina tena namna ya kujua nani bado ana mzigo mkononi.

```python
def shughulikia(ch, njia, sifa, mwili):
    kazi = json.loads(mwili)
    if not imeshafanyika(kazi["id"]):
        peleka_sms(kazi["namba"], kazi["maneno"])
        weka_alama(kazi["id"])
    ch.basic_ack(delivery_tag=njia.delivery_tag)
```

`imeshafanyika`, `peleka_sms` na `weka_alama` utaziandika mwenyewe kulingana na mfumo wako. Angalia ukaguzi wa kitambulisho. Mfanyakazi anaweza kuanguka baada ya kutuma SMS na kabla ya kuthibitisha, na hapo kazi itarudi na kufanywa mara ya pili. Ukaguzi huu unapunguza sana hatari hiyo, ingawa haumalizi kabisa, kwa sababu kati ya kutuma na kuweka alama bado kuna ufa mwembamba. Kwa SMS ya matokeo, mzazi kupata ujumbe mara mbili si msiba. Kwa malipo ni msiba, na huko kitambulisho hicho lazima kipelekwe hadi kwa mtoa huduma wa mwisho ili yeye mwenyewe akatae marudio.

Mipaka miwili ya muda inawaangusha wengi hapa. Wa kwanza ni wa dakika 30: kwa mpangilio wa kawaida, mfanyakazi akikaa na kazi moja zaidi ya hapo bila kuithibitisha, seva huhesabu kwamba amekwama na kuirudisha kazi kwenye foleni. Wa pili unatokana na mapigo ya uhai, yaani ishara fupi ambazo seva na mfanyakazi hutumiana kuonyesha kwamba bado wapo, ambayo muda wake wa kawaida ni sekunde 60. Ukitumia `BlockingConnection` kama tulivyofanya, kazi inayochukua dakika tano ndani ya `shughulikia` humzuia mfanyakazi asijibu mapigo, seva humkatia muunganisho, na kazi hupewa mwingine huku wa kwanza bado anaifanya. Dawa yake ni kuifanya kazi ndefu kwenye uzi wa pembeni (thread) na kurudisha uthibitisho kupitia `add_callback_threadsafe`. Kuongeza muda wa mapigo hadi saa nzima ni kuficha ugonjwa, kwa sababu hapo mfanyakazi aliyekufa kweli atachelewa sana kugundulika.

Hatua ya nne: weka kikomo cha kazi za mkononi

Hiki ndicho kiini cha haki kati ya wafanyakazi, na nilikielewa baada ya kukaa jioni moja mbele ya ukurasa wa usimamizi nisielewe ninachokiona. Foleni ilikuwa na kazi 11,840. Safu ya zilizo tayari ilisoma 0, na safu ya zisizothibitishwa ilisoma 11,840. Kulikuwa na mfanyakazi mmoja. Nikawasha wa pili, wa tatu, na wa nne, nikitarajia namba ianze kushuka haraka, lakini wote watatu walikaa kimya huku wa kwanza akiendelea kuhangaika peke yake kwa kasi ile ile.

Sababu ni hii: usipoweka kikomo, seva humsukumia mfanyakazi kila kazi iliyopo mara tu anapojiunga. Kazi zote 11,840 zilikuwa zimeshatoka kwenye foleni na kukaa ndani ya kumbukumbu ya programu moja. Waliokuja baadaye hawakukuta kitu. Nilipomzima yule wa kwanza, kazi zote zilirudi, na wale watatu wakasukumiwa zote kwa kishindo hicho hicho.

Hata wafanyakazi wote wakiwepo tangu mwanzo, kugawa zamu kwa zamu bila kikomo hakutoshi, kwa kuwa seva inahesabu idadi ya kazi na haijui uzito wake. Jaribu hesabu ifuatayo kwenye kompyuta yako mwenyewe. Tuma kazi 1,000, kila ya kumi ichukue sekunde 2 na zilizobaki ichukue kila moja sekunde 0.1, kisha weka wafanyakazi wawili. Kwa zamu kwa zamu, kazi ya 10, ya 20, ya 30 na kuendelea zote ni namba shufwa, kwa hiyo kazi nzito zote 100 zinamwangukia mfanyakazi wa pili. Yeye atahitaji sekunde 240, wakati mwenzake atamaliza kwa sekunde 50 na kukaa. Mzigo wote pamoja ni sekunde 290, na kama ungegawanywa kwa haki kila mmoja angemaliza kwa takriban sekunde 145.

Mstari mmoja unatosha kurekebisha:

```python
ch.basic_qos(prefetch_count=1)
ch.basic_consume(queue="sms.shule", on_message_callback=shughulikia)
ch.start_consuming()
```

Kwa kikomo cha 1, mfanyakazi hapewi kazi ya pili kabla ya kuithibitisha ya kwanza, na kila kazi mpya inakwenda kwa aliye huru. Mpangilio wa mistari hii una maana: kikomo kinawahusu walaji wanaotangazwa baada yake, kwa hiyo `basic_qos` ikiandikwa chini ya `basic_consume` haitamgusa huyo wa juu.

Je, kikomo kiwe 1 daima? Hapana, na hapa inabidi kupima badala ya kukariri. Kila uthibitisho unasafiri hadi kwenye seva na kazi mpya inasafiri kurudi, na katika muda huo mfanyakazi amekaa. Kama kazi moja huchukua milisekunde 200 na safari ya kwenda na kurudi ni milisekunde 2, hasara ni asilimia 1 hivi, na kikomo cha 1 ni sahihi kabisa. Lakini kama kazi huchukua milisekunde 1 na seva ya foleni iko nchi nyingine, safari ikiwa milisekunde 50, mfanyakazi atafanya kazi chini ya 20 kwa sekunde badala ya karibu 1,000. Kanuni ninayoitumia ni kujumlisha muda wa safari na muda wa kazi, kisha kugawanya kwa muda wa kazi. Kwa mfano huu wa pili tunapata 51, na hicho ndicho kikomo cha kuanzia. Kadiri unavyokipandisha zaidi ya hapo, ndivyo unavyouza haki bila kununua kasi. Kwa mfumo wetu wa SMS, ambapo kazi moja huchukua robo ya sekunde, nisingepanda juu ya 2.

Kuna wanaotumia Kafka badala ya RabbitMQ, nao wakumbuke kwamba huko kizio cha kugawa kwa kawaida ni sehemu ya mada, yaani kipande cha mkondo wa jumbe, si ujumbe mmoja mmoja. Kundi la wafanyakazi saba kwenye mada yenye sehemu sita litakuwa na mmoja asiye na kazi, na sehemu yenye jumbe nzito itamlemea aliyepewa, bila kikomo chochote cha kumsaidia.

Hatua ya tano: mpe kila mtumaji mstari wake

Turudi kwa mwanachama wa saccos. Hatua ya nne haimsaidii hata chembe, kwa sababu wafanyakazi wakigawana kwa haki foleni moja iliyojaa matokeo ya shule, namba yake ya siri bado iko nyuma ya zote 12,000. Ndiyo maana katika hatua ya pili nilitangaza foleni tatu badala ya moja. Sasa kila mfanyakazi asikilize zote tatu, kila moja kwa kikomo chake:

```python
for foleni, uzito in (("sms.saccos", 2), ("sms.zahanati", 1), ("sms.shule", 1)):
    ch.basic_qos(prefetch_count=uzito)
    ch.basic_consume(queue=foleni, on_message_callback=shughulikia)
ch.start_consuming()
```

Kinachotokea ndani ya mfanyakazi ni kizuri kukitazama kwa karibu. Mkononi mwake hapakosekani kazi moja ya shule, moja ya zahanati na hadi mbili za saccos, endapo foleni hizo zina kitu. Anaifanya ya shule na kuithibitisha. Seva inamtumia nyingine ya shule, lakini hiyo inaingia nyuma ya zile alizokwisha kushika. Kwa hiyo hawezi kuirudia shule kabla ya kuwapitia wengine. Saccos wakiwa na kazi nyingi, watapata takriban nafasi mbili kwa kila moja ya shule. Wakiwa hawana, nafasi yao haipotei, inaliwa na wengine. Namba ya siri iliyokuwa inasubiri dakika 10 sasa inasubiri kazi mbili au tatu, yaani chini ya sekunde moja.

Gharama yake ni ipi? Peke yake shule ingemaliza kwa dakika 10, na sasa itamaliza kwa dakika 10 na sekunde chache. Nimewahi kubishana na mtu aliyesema kwamba huu ni upendeleo kwa wadogo. Siukubali mtazamo huo, kwa sababu jumla ya kazi haijabadilika hata kidogo, na mzazi hatambui tofauti ya sekunde hizo, huku mwanachama wa saccos akiwa ameingia kwenye akaunti yake.

Wateja wakiwa mamia, foleni moja kwa kila mteja inaanza kuwa mzigo kwa kila mfanyakazi. Hapo kuna njia mbili ambazo nimeziona zikifaa. Ya kwanza ni kuwa na vikapu, tuseme 16, na kumpangia kila mteja kikapu kwa hesabu juu ya kitambulisho chake. Mteja mwenye mzigo mkubwa atawachelewesha walio kwenye kikapu chake tu. Ya pili, ambayo naipenda zaidi kwa mizigo ya mkupuo, ni kukata mzigo vipande. Mtumaji hatupi SMS 12,000. Orodha anaihifadhi kwenye hifadhidata, na kwenye foleni anaweka kazi moja tu inayosema: anza na mstari wa 1, chukua 100. Mfanyakazi anayeipata anatuma hizo 100, kisha anaweka kazi mpya ya mstari wa 101 mwisho wa foleni na ndipo anapothibitisha ile ya kwanza. Kwa njia hii hata foleni moja inakuwa ya haki, kwa sababu shule inarudi nyuma ya mstari kila baada ya SMS 100. Kipande kisiwe kikubwa mno: kwa SMS 20 kwa sekunde, kipande cha 100 ni sekunde 5 za kusubiri, na kipande cha 1,000 kingekuwa sekunde 50.

Wengi huwaza kutumia vipaumbele kwanza. Tahadhari yangu ni kwamba kipaumbele cha juu kisichokauka humnyima chakula aliye chini, na mapema au baadaye kila mteja atadai kuwa kazi zake zote ni za haraka. Foleni za quorum katika toleo la 4.0 zimelishughulikia hili kwa heshima: zina ngazi mbili tu, na zikiwa na kazi za ngazi zote mbili hutoa mbili za juu kwa moja ya kawaida, ili ya chini isisahaulike. Ukiwa na kazi za haraka kweli kama namba za siri, zitengee mfanyakazi mmoja asiyesikiliza foleni nyingine yoyote.

Hatua ya sita: kazi iliyokwama isiwazuie wengine

Namba ya simu iliyoandikwa vibaya itashindikana leo, kesho na mtondo. Mfanyakazi akiirudisha kwenye foleni kila inaposhindikana, itazunguka bila kikomo na kula nafasi za kazi nzima. Tofautisha makosa ya aina mbili. Kosa la kudumu, kama namba yenye tarakimu pungufu, likatae moja kwa moja:

```python
ch.basic_nack(delivery_tag=njia.delivery_tag, requeue=False)
```

Kwa mpangilio tulioutangaza, kazi hiyo itahamia `sms.zilizokwama`, ambako mtu ataiangalia kwa macho yake. Kosa la muda, kama mtandao wa simu kutojibu, linastahili kujaribiwa tena, lakini baada ya kupumzika na si papo hapo. Foleni za quorum katika toleo la 4.0 huweka kikomo cha majaribio 20 kwa kawaida, na kazi ikizidisha hupelekwa kwenye foleni ya zilizokwama. Usipotangaza foleni hiyo, kazi hufutwa kimya kimya, kwa hiyo itangaze kabla hujaihitaji, na umteue mtu wa kuifungua kila asubuhi.

Hatua ya saba: pima muda wa kusubiri wa kila mteja

Amri hii inaonyesha hali ya foleni zote:

```
docker exec sungura rabbitmqctl list_queues name messages_ready messages_unacknowledged consumers
```

Zilizo tayari zikiongezeka huku zisizothibitishwa zikiwa sawa na idadi ya wafanyakazi mara kikomo, wafanyakazi wote wamejaa na unahitaji wengine. Zisizothibitishwa zikiwa maelfu, kikomo kimesahaulika mahali. Lakini urefu wa foleni hauonyeshi haki. Kinachoionyesha ni muda ambao kazi ya kila mteja ilisubiri, na ndiyo sababu tuliandika saa kwenye kila kazi. Mfanyakazi atoe saa hiyo kwenye saa ya sasa, aandike tofauti kwa jina la foleni, nawe utazame kazi 95 kati ya 100 zilisubiri chini ya muda gani. Wastani wa mfumo mzima usiuamini, kwa kuwa SMS 12,000 za shule zitaumeza muda wa namba tatu za siri zilizochelewa. Hakikisha saa za seva zako zote zinalingana, la sivyo utapata hata muda wa kusubiri ulio chini ya sifuri.

Idadi ya wafanyakazi nayo inahesabika. Mwaka 1961 John Little alithibitisha kwamba wastani wa kazi zilizo ndani ya mfumo ni sawa na kasi ya kuingia mara wastani wa muda ambao kila moja inakaa. Zikiingia kazi 20 kwa sekunde na kila moja ikichukua sekunde 0.25, wafanyakazi 5 watakuwa na kazi muda wote. Watano kamili hawatoshi, kwa sababu kazi haziingii kwa mpangilio sawa na hakutakuwa na nafasi ya kupumua. Ningeweka 7.

Hatua ya nane: mzime mfanyakazi kwa adabu

Kila unapoweka toleo jipya la programu unawazima wafanyakazi, na kila anayezimwa ghafla hurudisha kazi za mkononi, ambazo baadhi zilikuwa zimefanyika nusu. Mfanyakazi akipokea ishara ya kuzima, aache kupokea kazi mpya, amalize na kuthibitisha alizoshika, ndipo afunge muunganisho. Hapa kikomo kidogo kinakulipa mara ya pili, kwa sababu mwenye kazi nne mkononi, kila moja ya robo sekunde, anamaliza kwa sekunde moja. Amri ya `docker stop` humpa sekunde 10 kabla ya kumkata kwa nguvu, na systemd, msimamizi wa huduma kwenye Linux, kwa kawaida humpa sekunde 90. Kama kazi zako ni ndefu kuliko hapo, ongeza muda huo kwenye mpangilio wenyewe, na uwazime wafanyakazi mmoja mmoja, ukisubiri aliyewashwa upya aonekane kwenye safu ya `consumers` kabla ya kumgusa anayefuata.